Nauli na Bahari

Yapo maswali yaonekanayo madogo, kumbe hupima utu wetu. Kila mwaka, baina ya Julai na Oktoba, nyangumi hufika pwani ya Afrika Mashariki kutoka bahari baridi za kusini, wakazaa katika maji ya uvuguvugu. Huko Watamu, Kenya, watu hulipa nauli wakaenda kwa mashua kuwatazama, na pomboo pia. Lakini sehemu kubwa ya miezi hiyo ni ya kusi: asubuhi shwari, adhuhuri mawimbi. Nahodha akisema, "Turudi," je, abiria aliyelipa ana haki ya kumshurutisha aendelee?

Wako wasemao kuwa ahadi ni deni. Ni kweli, lakini nahodha aliahidi safari, hakuahidi nyangumi, wala upepo si wake. Amana yake ya kwanza ni roho za watu. Abiria amsukumaye nahodha mhitaji kwa nguvu ya fedha hujifanya nahodha wa pili, na wahenga walikwisha kuonya: nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hata hivyo, nahodha naye asipokee nauli kabla ya kueleza kwamba huenda wakarudi bila kuona kitu. Ajuaye hatari akainyamazia kwa kuipenda nauli, huyo ndiye mvunja ahadi.