Nani Apime Mzigo wa Mwenzake?



Neno "nafuu" lina hatari yake. Muuzaji akilisema, mnunuzi hucheka. Serikali ikilisema, huwa sheria. Basi yafaa tujiulize: ni nani mwenye haki ya kumwambia mwenzake, "Fedha hizi unaziweza"?

Swali hili si geni Tabora. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia mkoani kwetu, wilayani Igunga, mwaka 1996, kabla ya kutungiwa sheria mwaka 2001. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kama hicho, ndiyo ile "tele kwa tele". Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kiwango kikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mwaka 2022, muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipojadiliwa, zikatajwa shilingi 340,000, na makelele yakawa mengi. Sheria ilipita mwaka 2023.

Sisi tuliokuwa watumishi tulikatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akatoa 3 nyingine. Mwenye kidogo alikatwa kidogo. Lakini mkulima alitajiwa kiwango kimoja, awe na ng'ombe mia au awe na jembe tu. Tena mshahara huja kila mwezi, bali fedha ya tumbaku ya Urambo au Sikonge huja mara moja, baada ya masoko. Shilingi 30,000 za Agosti si sawa na 30,000 za Januari, ghala likiwa limepungua na palizi ikingoja. Na hao watu sita, ni wa nyumba ya nani? Bibi yumo, wajukuu wamo. Wa saba aende wapi?

Wakubwa wa dunia nao walijikwaa hapo hapo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ilipima unafuu wa bima ya kazini kwa asilimia ya mapato ya nyumba, 9.5 hapo mwanzo. Kumbe waliitazama bima ya mfanyakazi peke yake, mke na watoto wakasahauliwa, hata kanuni ikarekebishwa mwaka 2022.

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo alibeba ratili 60 au 70. Uzito huo haukuamuliwa na mwenye bidhaa peke yake. Bega nalo lilikuwa na kauli. Mzigo ulipozidi desturi, wapagazi waligoma au walitoroka.

Ni kweli, kila mtu akijipimia mwenyewe mfuko utakauka, maana wazima ndio wanaowalipia wagonjwa. Kwa hiyo hatusemi kiwango kisiwepo. Twasema mwenye bega aulizwe kwanza, kijijini kwake, tena katika msimu wa njaa, si wa mavuno tu.

Msamaha kwa wasioweza umekuwapo katika sheria tangu 2001. Ila kuupata kwataka mzee asimame mbele ya majirani zake na kutamka kwamba yeye ni maskini. Wapo wanaoona heri kuchemsha mizizi.