Ua Ligeukalo Rangi

Someni: Walawi 19:32, Mithali 16:31, Yohana 9:1–3.



Mwokozi wetu alituagiza tuyatazame maua ya kondeni. Basi leo na tutazame ua moja, liitwalo haidrenjia. Katika nchi za China na Japani iko aina yake ambayo ua lake si la mviringo, bali huinuka mfano wa shuke la mtama. Daktari Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, aliyepata kukaa Japani, aliandika habari zake mwaka 1829, na siku hizi imepandwa penye nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Ua hili hufunguka likiwa jeupe. Majuma yapitapo hugeuka rangi ya waridi, na usiku uanzapo kuwa wa baridi hugeuka jekundu. Wala halipukutiki upesi, kwa kuwa kile tukionacho kuwa ua ni vijani vya kikombe chake tu. Maua yenyewe ni madogo mno, nayo yamejificha ndani.

Mwenye bustani huupogoa mti huu kabla haujachipuka, kwa maana huchanua katika machipukizi ya mwaka ule ule. Lakini alionapo ua linageuka jekundu, haling'oi akisema, Limeharibika. Bali huwaita jirani zake waje kulitazama, maana sasa uzuri wake umetimia.

Aina ile yapenda nchi yenye baridi kali, nasi hapa Busunzu hatunayo. Tunayo ndugu yake, yenye ua la mviringo. Tulipanda kijiti chake mvua zilipoanza, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Tukafunika shina kwa majani makavu ya migomba, na tangu Juni hata Septemba tukainywesha maji kila jioni. Hii hufuata udongo: penye udongo mchachu ua lake huwa la samawati, ukitia chokaa au jivu, hugeuka polepole kuwa la waridi.

Aliyetuletea jivu hilo ni mama mmoja mzee wa usharika wetu, mjane. Macho yake yalikuwa mekundu. Nayo yasiwe mekundu kwa nini? Miaka mingi alipuliza moto wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha, apate kuwapikia watoto wake na wajukuu wake na wageni, na sisi tulikuwa miongoni mwa wageni hao. Kisha mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na watu wakaanza kunong'ona. Jumapili iliyofuata mama yule aliketi peke yake kwenye benchi, wala hapana aliyemkaribia hata wakati wa Meza ya Bwana. Nasi tuliona, tukanyamaza, tukahubiri habari nyingine. Kabla ya mwezi kwisha alihama usiku, akaenda kwa binti yake mbali. Twaungama dhambi hii mbele yenu.

Ndugu, katika nchi yetu, hasa pande za Shinyanga, Mwanza na Tabora, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Sisi wa Kibondo na Kasulu tusijidhani kuwa tu mbali. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, na ingaliko hata leo. Walakini sheria haiwezi kugeuza moyo wa mtu. Twajua Katekisimo yetu. Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, ya Tano tusiue, ya Nane tusimshuhudie jirani yetu uongo. Minong'ono juu ya mzee huzivunja zote tatu pamoja.

Wanafunzi walipomwona kipofu walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi. Bwana alilikataa swali lao. Hakumtafuta wa kulaumiwa. Alimfungua macho yule mtu.

Basi, yatupasa nini? Mtoto akishikwa na homa, apelekwe zahanati upesi, wala asipelekwe kwa mpiga ramli. Mzee akinenwa vibaya, mwalimu na wazee wa kanisa waende kwake siku ile ile, waketi naye, wale chakula chake mbele ya watu wote. Nanyi vijana, mjengeeni mama zenu meko yenye bomba la moshi, na mtoboe madirisha jikoni mwao. Hiyo nayo ni ibada.

Mwenye bustani alifurahia ua likigeuka. Je, Mungu hatamfurahia zaidi mtumishi wake aliyezeeka katika kazi ya upendo? Yeye na apogoe kwetu kila neno baya, ili upendo uchipuke mwaka huu. Nasi tumekwisha kutuma salamu kwa mama yule, kumwomba radhi na kumsihi arudi. Mwombeeni, nasi mtuombee. Amina.