ZIMWI LIKUJUALO

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii huwafariji watu wazima: afadhali taabu itokayo kwa ndugu kuliko itokayo kwa mgeni. Lakini je, ni faraja kwa mtoto mdogo? Swali hili, ndugu wasomaji, twapenda tulitazame pamoja.

Siku hizi vijana wa mjini hucheza gemu katika kompyuta, nyingine za kutisha. Ipo moja iitwayo Among the Sleep, iliyotengenezwa Norwei na Krillbite Studio na kutolewa mwaka 2014. Anayeicheza huwa mtoto wa miaka miwili. Hana silaha. Hutambaa, hujificha, na humkumbatia dubu wake wa kuchezea apate mwanga kidogo gizani, huku akimtafuta mama yake. Zimwi la kike humwandama. Mwishoni hubainika kwamba zimwi hilo ni huyo huyo mama, akiwa amelewa, katika nyumba ambayo wazazi wametengana na wanamgombania mtoto.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Sisi tuliokaa na watoto wa darasa la kwanza miaka mingi twajua kwamba yule asinziaye asubuhi pengine amekesha akisikiliza sauti za wakubwa nyuma ya ukuta. Ukimwuliza, hasemi kwamba baba na mama wanagombana. Husema kuna kitu dirishani.

Ni kweli, wazee nao waliwatisha watoto. Walitaja zimwi, na tangu enzi za mkoloni walitaja pia mumiani, mnyonya damu. Katika milima yenye makorongo na mito ya kasi kama hii yetu ya Uluguru, mtu aweza kuitetea hofu ya namna hiyo: humzuia mtoto asiende mtoni peke yake. Tena ina mpaka, maana mtoto akishafika kwa mama yake, imekwisha. Hofu ya ugomvi wa nyumbani haina mpaka. Zimwi likiwa ndiye mama, au ndiye baba, mtoto akimbilie wapi?

Mila ya Waluguru ilikuwa na jibu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti juu yake. Mila hiyo nayo imezaa magomvi, hasa ya mashamba, baba upande huu na wajomba upande ule. Hata hivyo ilimpa mtoto mlango wa pili. Leo familia nyingi zimepanga chumba kimoja Kihonda au Mji Mpya, na bibi yuko mbali, Matombo au Mgeta. Mlango umebaki mmoja.

Basi yatupasa nini? Nyumba isiyo na ugomvi hatujaiona, wala hatumwagizi mtu aijenge. Lakini mtoto aliyesikia kelele usiku asiambiwe, "Lala, hakuna kitu." Amesikia. Ukimwambia hakuna, unamfundisha asiyaamini masikio yake, nalo zimwi unamwachia. Aambiwe kwa maneno machache: tuligombana, kosa si lako, sisi wakubwa tutalimaliza. Aliyempigia kelele au kumsukuma amwombe radhi. Heshima ya mzazi haipungui kwa hilo. Mtume Paulo alipowaandikia Wakolosai hakuishia kuwaagiza watoto utii. Aliwageukia na akina baba, wasiwavunje watoto wao moyo. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mzazi amlinde mtoto na ukatili.

Na sisi majirani tuna wajibu wetu. Tumezoea kusema mambo ya nyumba ya watu hayatuhusu. Kwa watu wazima, huenda. Kwa mtoto, jirani ndiye mjomba aliye karibu. Akibisha hodi usiku, tusianze kuuliza ni nani mwenye kosa. Tumfungulie, apate mahali pa kulala.