Aliyetii Kanuni Ana Lawama?

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku milimani Usambara. Zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani wa darasa la saba, mwalimu wa malezi aliniletea taarifa kwamba msichana mmoja, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa na mimba. Kamati ya shule ilikaa kesho yake, na kikao hakikumaliza nusu saa. Nilifungua rejista, nikalipiga jina lake mstari kwa kalamu nyekundu, na penye safu ya sababu nikaandika: kosa la maadili. Kisha nikaenda darasa la tano kufundisha hesabu za sehemu.

Ndugu msomaji, sikulala vibaya usiku ule. Hilo ndilo linalonisumbua leo, nikiwa na miaka sabini na kitu. Swali langu ni hili: mtu akitii kanuni kwa nia safi, na utii huo ukamdhuru mwenzake, je, ana lawama? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa hapana. Nilijitetea kwa hoja tatu, nami nitazipima moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: kanuni ndiyo iliyomfukuza, si mimi. Nilipostaafu mwaka 2010 nilipata nafasi ya kuzisoma kanuni zile kwa utulivu. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zilitaja mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili, na mwanafunzi aliyeingia katika ndoa. Neno mimba halikuwamo. Tena zilisema kwamba mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kufukuzwa. Hazikusema ni lazima. Pengo lile tulilijaza sisi walimu wakuu kwa kalamu zetu, kisha tukasema tumetumwa.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na hata sasa siidharau. Nilikuwa na wasichana wengine shuleni. Wapo wazazi waliokuwa wakitafuta kisingizio tu cha kuwatoa mabinti zao wakalime au waolewe. Nikimwacha mwenye mimba akae darasani, nilisema moyoni, nitawapoteza kumi kwa ajili ya mmoja. Ni hoja ya mtu mwenye dhamana, si ya mkatili. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, adhabu ile haikuzuia kitu. Kabla ya huyo nilikwisha kuwafuta wengine, na baada yake nikafuta tena. Hofu iliwafundisha kuficha tumbo, haikuwafundisha kujilinda. Pili, mtoto wa watu si fimbo ya kuwatishia wenzake. Mwalimu akimtumia mwanafunzi mmoja kuwa onyo kwa wengine, amekwisha kuacha kuwa mwalimu wake.

Hoja ya tatu: si mimi niliyempa mimba. Kweli. Aliyempa alikuwa mwenye duka, mtu mzima. Wazee wa pande mbili walikutana, akatoa faini, mambo yakaisha, na jioni akafungua duka lake kama kawaida. Mimi nilikuwapo. Niliitwa kwa heshima ya ualimu, nikapewa kiti na chai. Wakati huo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha kutamka kwamba kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18, asiye mke wa mtu huyo, ni kubaka hata kama ameridhia. Niliijua sheria hiyo. Husema wahenga, penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika mbele yetu, nasi tukashukuru kwa chai.

Hapo ndipo utetezi wangu ulipoanguka. Nilidai kuwa mtu wa kutii, kumbe nilikuwa mtu wa kuchagua. Kanuni iliyolegea niliikaza juu ya msichana. Sheria iliyokaza niliilegeza juu ya mwenye duka.

Wakati huo wapo waliokuwa wakilisema jambo hili. TAMWA ilianzishwa mwaka 1987, TGNP mwaka 1993, na vyama vingine vikafuata. Wanaharakati wao tuliwaita watu wa semina, wasiojua maisha ya kijijini. Mwaka 2017 Rais alipotamka kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni, wengi wa rika langu tulitikisa kichwa kukubali. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Nikajiuliza: kama jambo lilikuwa haki jana na leo si haki, msichana wangu wa mwaka 2003 alikosa nini zaidi ya kuzaliwa mapema?

Mwaka 2024, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, mwanamke yule aligombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji kwa nafasi za wanawake. Kwenye mkutano wa kampeni mtu mmoja akasimama, akamuuliza amesoma hadi wapi. Akajibu, "Darasa la saba bila mtihani. Mwalimu yupo hapa, muulizeni." Watu wakanigeukia. Nilisimama, magoti yakinitetemeka, nikasema, "Alikuwa wa tatu darasani. Nilimfuta mimi, na nilikosea." Nikakaa. Mkutano ukaendelea na habari za bomba la maji.

Alichaguliwa. Sijui kama amenisamehe, wala sina haki ya kumdai msamaha. Tukikutana njiani hunipa shikamoo, nami huitikia marahaba kwa shida.

Jibu langu sasa ni hili: ndiyo, ana lawama. Utii haumwondolei mtu dhamiri, kwa maana hata kutii ni kuamua. Kwenu walimu vijana mnaoshika rejista leo, nawaachia maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kupiga mstari. Je, kanuni inasema hivyo kweli, au ni mimi ninayeisemea? Na je, mwenye nguvu akikosa, nitaishika kanuni kwa mkono huu huu? Mimi sikujiuliza, na jina la mtoto likafutika.