Mfumo Ukisema, Nani Auhoji?

Karani wa benki akikuambia "mfumo umekataa", unaondoka. Angesema "mimi nimekataa", ungedai sababu, ungemwita mkubwa wake, pengine ungepandisha sauti. Unyenyekevu huo mbele ya kompyuta hautokani na ushahidi kwamba mfumo hukosea mara chache kuliko karani, maana wengi wetu hatujawahi kuuona ushahidi wa namna hiyo. Unatokana na dhana kwamba mashine haina tamaa, haina ndugu wa kupendelea, wala sababu ya kusema uongo. Ni kweli, mashine haina tamaa. Lakini programu iliyomo ndani yake imeandikwa na watu, kwa haraka, kwa mkataba, na mara nyingi kwa sharti kwamba anayeitumia asione ilivyoandikwa. Kwa hiyo kabla ya suala la ufundi lipo suala la maadili: je, mtu ana wajibu wa kukiamini kitu alichozuiwa kukichunguza? Nashikilia kwamba hana, na kwamba anayemzuia hana haki ya kumdai imani hiyo, sembuse kumwadhibu kwa ushahidi wa kitu hicho.

Uingereza ilishika msimamo wa kinyume, na ikaulipia. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo lilisambaza vituoni mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilimezwa na Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa vituo hawakuweza kuueleza. Shirika lilidai kwamba mkataba uliwataka waujazie kutoka mifukoni mwao. Wapo waliojazia mpaka wakafilisika, wapo walioshtakiwa kwa wizi na kughushi hesabu, na baadhi yao walifungwa. Hadi mwaka 2015 waliotiwa hatiani walizidi 900. Wengi waliolalamika waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye shida kama yao. Shirika lilikana pia kwamba mtu aliye nje ya kituo angeweza kuingia katika hesabu zake na kuzibadilisha, kumbe wahandisi wa Fujitsu waliweza. Ilipofika Desemba 2019, katika kesi ya walalamikaji 555 walioongozwa na Alan Bates, Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzua upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Kasoro zenyewe hazinishangazi, kwa kuwa hakuna programu isiyo nazo. Kinachonishangaza ni kanuni ya ushahidi. Zamani aliyeleta ushahidi wa kompyuta katika kesi ya jinai nchini humo alipaswa kuonyesha kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa mwaka 2000, mahakama zikabaki na dhana kwamba kompyuta ni nzima mpaka mshtakiwa aonyeshe vingine. Aonyeshe vipi, na programu imefungiwa kwa anayemshtaki?

Wahenga wetu hawakuwa wepesi kiasi hicho. Walisema mali bila daftari huisha bila habari, ila daftari walilolijua lilisomeka na mdai na mdaiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haizungumzii pepo wala moto; inazungumzia deni, na inaagiza liandikwe, mwandishi awe mwadilifu na mashahidi wawepo. Torati nayo inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Wanazuoni wa hadithi walikwenda mbali zaidi: waliandika vitabu vizima kuhusu wasimulizi, nani ana kumbukumbu nzuri, nani alikutana kweli na aliyedai kumsikia. Hao walikuwa watu wa imani, na bado hawakuona kwamba kumchunguza shahidi ni kuivunjia imani heshima. Dini ilitaka tumwamini Mungu bila kumwona. Haikutuagiza kumwamini karani kwa namna hiyo, wala programu ya karani.

Hapa ndipo ninapoiona maana ya harakati za programu huria, ambazo watu wengi hudhani ni habari ya kupata kitu bila kulipa. Richard Stallman alipoutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, bei haikuwa hoja yake kuu. Alidai mtumiaji awe huru kuiendesha programu, kuisoma na kuibadilisha, kuigawa, na kuigawa ikiwa imebadilishwa. Pingamizi la kawaida ni kwamba uhuru wa kusoma haumsaidii muuza nyanya asiyejua hata mstari mmoja wa msimbo. Lakini mahakama nazo huendeshwa hadharani, ingawa wengi wetu hatuelewi lugha ya mawakili na hatuhudhurii vikao. Mlango ulio wazi humruhusu anayeelewa aingie kwa niaba ya asiyeelewa, na hakimu hujua kwamba anaweza kuingia. Wakenya wameiona tofauti hiyo kwa macho yao. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza ipasavyo, na kutotekeleza huko kukawa miongoni mwa sababu za matokeo ya urais kubatilishwa Septemba 1. Mwaka 2022 fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, na yeyote mwenye subira akaweza kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukwisha, na usingekwisha. Lakini safari hii waliobishana walikuwa na karatasi zilezile mbele yao.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: ukianika msimbo, unamrahisishia mwizi. Auguste Kerckhoffs alilijibu mwaka 1883, kabla ya kompyuta, alipoandika kwamba mfumo wa maandishi ya siri unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo wenyewe haujapatikana. Hata hivyo uwazi hauponyi kila kitu. Kasoro ya Heartbleed, iliyogunduliwa mwaka 2014, ilikaa takribani miaka miwili ndani ya OpenSSL, programu ambayo yeyote angeweza kuisoma. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaisoma. Mwaka 2024 ikagundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili kujenga sifa njema katika mradi wa programu huria wa xz, kisha akapachika humo njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Aliyemfichua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nakubali kwamba bahati ilikuwepo. Lakini Freund aliweza kufuatilia shaka yake mpaka mwisho bila kumwomba mtu ruhusa, na ruhusa hiyo ndiyo wasimamizi wa posta waliyonyimwa.

Ken Thompson, mmoja wa waliobuni Unix, alionyesha mwaka 1984 kwamba hata kuusoma msimbo hakutoshi, kwa sababu programu inayoutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine inaweza nayo kuwa imechafuliwa. Nadhani Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilifikia jibu linalofaa Machi 2009, ilipoamua kwamba mashine za kupigia kura zilizotumika mwaka 2005 zilikiuka katiba: hatua muhimu za uchaguzi lazima raia aweze kuzikagua bila kuwa mtaalamu. Kipimo hicho kinapita kile cha programu huria, na kwa mambo ya umma ndicho ninachokitaka. Mwenye kampuni anaweza kuficha msimbo wa mchezo wa simu, hilo halinikoseshi usingizi. Lakini anayetaka kumfunga mtu, kumfukuza kazi au kumtangaza rais kwa kauli ya kompyuta aiweke programu yake na kumbukumbu zake mbele ya wataalamu wa upande wa pili, na awe na karatasi ambayo asiye mtaalamu anaweza kuisoma. Akikataa, mahakama iutupe ushahidi huo.