Baba kwenye kona ya ulingo

Baba anayemrithisha mwanawe kazi yake tunamsifu. Seremala humwachia mwanawe randa, mvuvi humwachia nyavu. Je, kama kazi yenyewe ni kupiga na kupigwa kichwani kwa malipo?

Tarehe 26 Machi 2016, mjini London, Chris Eubank Jr alipigana na Nick Blackwell. Kwenye kona yake alikuwapo baba yake, bingwa wa dunia wa zamani. Baada ya raundi ya nane baba akamwambia mwanawe aache kumpiga mwenzake usoni, ampige mwilini. Alijua anachokisema. Mwaka 1991 yeye mwenyewe alipigana na Michael Watson, ambaye baada ya pambano alilala siku 40 bila fahamu, na akabaki na ulemavu. Pamoja na nasaha ile, ngumi ziliendelea hadi raundi ya kumi. Blackwell alitolewa kwa machela, akalazwa hospitali bila fahamu.

Subhanallah! Jambo ambalo mzazi yule alilifikia kwa uchungu wa miaka 25, sisi tumefundishwa bure. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, hata kwa watu wanaopigana kwa ugomvi wa kweli. Na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, liliamua kuwa ngumi za namna hii ni haramu kwa madhara yake.

Watakuja wa kusema, mbona Muhammad Ali? Naam, tunampenda, lakini zaidi kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam mwaka 1967.

Wapo kati yetu wazazi wanaowasukuma vijana wao ulingoni kwa sababu ajira hakuna. Mazoezi hatuyagombi. Tunalouliza ni hili: baba ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Akiwa kocha, mkono ulioshika taulo ndio huo huo unaosubiri malipo. Kijana akiyumba, nani atamtetea? Mama yuko nyumbani na tasbihi yake.

Septemba 2001, mjini New York, Felix Trinidad, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, aliangushwa na Bernard Hopkins katika raundi ya mwisho. Akainuka. Baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake, hakungoja aone kama kijana ataweza kuendelea. Alipanda ulingoni, pambano likaishia hapo, na mwanawe akahesabiwa kashindwa.