Hodi ya Usiku wa Theluji

Sikieni habari ya mama mchungaji mmoja aliyeitikia hodi. Ni kipupwe cha mwaka 1940 kuelekea 1941, kijijini Le Chambon-sur-Lignon, milimani kusini mwa Ufaransa. Magda Trocmé yuko jikoni, kuni zinawaka. Anafungua mlango: mwanamke Myahudi aliyekimbia Ujerumani, theluji imemtapakaa, anatetemeka, anauliza kama anaweza kuingia. Magda hakudai pasi. Karibu, ingia ndani!

Viatu vya mgeni vilikuwa vimelowa chepechepe, Magda akaviweka penye moto vikauke, kisha akakimbilia kwa meya kumwombea karatasi. Meya akaja juu: tuna Wayahudi wetu Wafaransa, nawe watuletea wa kigeni? Aondoke! Magda akarudi, akakuta viatu vimeungua. Ee ndugu, serikali imekwisha kumkana, na sasa hana hata cha kuvaa mguuni! (Viatu hivyo hunichoma mimi kuliko takwimu zote.) Magda akahangaika mpaka akapata vingine, akamtafutia mgeni pengine pa kukimbilia. Tangu hapo hakurudi tena kwa meya kuomba ruhusa ya kutenda mema.

Mumewe, mchungaji André, alikuwa amekwisha kuhubiri tarehe 23 Juni 1940, siku moja tu baada ya Ufaransa kutia saini mapatano na Hitler: pingeni uovu kwa silaha za roho. Waumini walimwelewa upesi. Wao ni kizazi cha Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa ambao wafalme waliwawinda kwa ajili ya imani yao. Mwana wa aliyewindwa haelezwi maana ya kujificha. Wakulima wakawalaza wageni darini na ghalani, maelfu ya watu, wengi wao watoto. Sisi twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baadhi ya wageni wale walikaa miaka.

Nao walilipa. Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimchukua Daniel Trocmé, jamaa yake André, pamoja na vijana aliokuwa akiwalea. Akafia kambini Majdanek, Aprili 1944.

Nawe msomaji, umekaa kitako wangoja karatasi ya meya? Nje kuna mtu anabisha hodi, tena miguu yake imelowa. Inuka ukafungue, na viatu vyake uviangalie visiungue.